Barua ya wazi: Tupeni siku moja ya kuwafyekea mashujaa wetu

Kwa:
Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,
Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi,
Wakuu wa Mikoa ya Kagera na Mtwara.

YAH: OMBI LA WANANCHI KUSAFISHA NA KUPAMBA MAKABURI YA MASHUJAA KABOYA NA NALIENDELE

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu.

Kila mwaka ikifika Julai 25, Siku ya Mashujaa, mambo huenda kwa utaratibu ambao wengi wetu tumeshaukariri. Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, kiongozi wa mabalozi anaweka shada la maua, kisha vinafuata upinde, mshale na shoka. Buruji inalia. Watu wanasimama kimya kwa dakika moja. Viongozi wa dini wanaomba dua, kila mmoja kwa imani yake. Sina ugomvi na lolote katika hayo. Asiyesisimka buruji ikilia labda ana masikio ya mapambo. Ila shughuli ikiisha, wageni wakipanda magari, mwananchi wa kawaida anarudi nyumbani akiwa ametazama tu. Hakung'oa jani, hakushika jembe, hakuweka ua. Kwa mila zetu sote, huyo bado hajazuru kaburi.

Ninachoomba ni kidogo. Jumamosi inayotangulia Julai 25, fungueni makaburi ya mashujaa ya Kaboya na Naliendele kwa raia wanaojitolea, waingie na mafyekeo, reki na maua, wasafishe, wapambe, wasome majina, waondoke. Hata kama vijana wa kikosi wanayatunza vizuri, na nidhamu ya jeshi tunaijua, bado tunaomba. Shida yetu si majani kurefuka. Wafu hawa ni wetu pia na tunataka kuwahudumia kwa mikono yetu.

Nianze na Kaboya, wilayani Muleba, kwa sababu ndiko damu ya karibu zaidi. Pale wamelala askari wetu waliokufa katika Vita vya Kagera, na mnara unabeba majina yao. Wazee wanakumbuka mwisho wa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovuka mpaka, yakachoma na kupora hadi ukingo wa mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Maneno hayo tunayarudia hadi leo hata kwenye mechi za mpira. Tunaowakumbuka mara chache ni waliokwenda kuyatimiza. Hawakuwa wanajeshi wa kudumu peke yao. Walikwenda mgambo, vijana wa JKT, polisi na askari magereza, watu waliokuwa na mashamba yao na wake zao, wakapanda malori na treni kutoka kila kona ya nchi. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Wengine hawakuiona.

Sasa fikirieni mama wa Songea au wa Pemba ambaye mwanawe yuko Kaboya. Nauli ya kwenda na kurudi ni mtaji wa biashara. Wengi wa mama hao wameshatangulia mbele ya haki bila kuliona kaburi lenyewe, na wajukuu wanajua tu kwamba "babu mdogo alibaki vitani". Nani anamwekea huyo ua? Jirani. Hapa kwetu msiba ni wa majirani, hata kaburi huchimbwa na majirani. Mtu wa Muleba anayeishi nusu saa kutoka Kaboya ndiye jirani wa yule askari wa Songea, na si jirani tu: ardhi anayolima ilikombolewa na mtu huyo.

Wazo hili lina wenzake duniani. Kusini mwa Uholanzi, katika kijiji cha Margraten, kuna makaburi ya askari wa Marekani wapatao 8,300 waliokufa wakiikomboa sehemu hiyo ya Ulaya katika Vita vya Pili vya Dunia. Ndugu zao walikuwa ng'ambo ya bahari. Tangu mwaka 1945 wenyeji wakaanza kugawana makaburi: familia hii inachukua hili, ile inachukua lile. Kazi yake ni kulitembelea, kuweka maua, na wengi wakawa wanawaandikia barua wazazi wa marehemu. Aliyelichukua akifa, mtoto wake analirithi. Leo kila kaburi lina mwenyewe na kuna watu wapo kwenye foleni wakisubiri nafasi. Serikali haikutoa amri kwa yeyote. Watu waliokombolewa waliona wana deni, basi.

Marekani kwenyewe, miongoni mwa mikusanyiko ya mwanzo kabisa ya kupamba makaburi ya askari ni ule wa Charleston, South Carolina, Mei 1, 1865. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa ndio kwanza vinaisha. Askari wa upande uliopinga utumwa walikuwa wamefia mateka kwenye uwanja wa mbio za farasi na kufukiwa shimo moja. Watu weusi waliokuwa wametoka utumwani juzi tu wakawafukua, wakawazika upya kwa heshima, wakajenga uzio kuzunguka makaburi, kisha wakaja kwa maelfu, watoto wa shule wakitangulia na maua mikononi. Hawakuwa na serikali ya kuwapangia ratiba. Miaka mitatu baadaye, Mei 30, 1868, ndipo siku rasmi ya kupamba makaburi ya askari wote wa upande huo ilipoadhimishwa kwa mara ya kwanza.

Na mwaka 1992 mfanyabiashara mmoja wa mashada katika jimbo la Maine alibakiwa na mashada 5,000 msimu wa Krismasi ukiisha. Badala ya kuyatupa, akapeleka kwenye makaburi ya jeshi ya Arlington, sehemu ya zamani iliyokuwa haitembelewi sana. Leo kila Desemba watu wanaojitolea huweka mashada katika maelfu ya maeneo ya makaburi nchini humo, na kila anayeweka shada huhimizwa kulitamka jina la marehemu kwa sauti. Hilo la kutamka jina ndilo ningependa tuliige kabla ya jingine lolote. Halina gharama, na ni letu tangu zamani. Mwafrika gani hajui maana ya marehemu kuitwa jina?

Najua pingamizi la kwanza. Kaboya na Naliendele ni maeneo ya jeshi, na geti la jeshi si mlango wa sokoni. Sawa. Basi watu wajiandikishe mapema kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, waje na vitambulisho, simu zibaki getini, waingie kwa makundi wakisindikizwa na askari. Mwenye nia hatashindwa kukaa saa mbili bila simu, na asiyeweza abaki nyumbani na simu yake. Watu wa pande zile walikaa na jeshi vitani, wengine waliwabebea askari ndizi na maji. Leo hawatashindwa kuaminiwa na reki.

Hofu yangu kubwa zaidi ni sisi wenyewe. Mkikubali ombi hili, nawasihi liwe bila meza kuu. Pasiwe na mahema, viti vya wageni waalikwa, tisheti zenye nembo ya mdhamini, posho, hotuba, wala msemaji anayewataja viongozi waliopo kwa nusu saa kwa "kutambua itifaki". Tumekwishaona shughuli nyingi nzuri zikimezwa na tisheti. Mkuu wa Mkoa akitaka kuja, karibu sana, aje na gamubuti zake na apewe mstari wake wa kusafisha kama wengine. Mnakumbuka Desemba 9, 2015, gwaride la Uhuru lilipofutwa na nchi nzima ikaambiwa ishike mifagio? Viongozi walifagia, na wengi tuliwaheshimu zaidi siku ile kuliko siku za gwaride. Baada ya pale tukazoea Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuwa ya usafi. Mitaro tumeshaizibua sana. Jumamosi moja kwa mwaka iende makaburini.

Suala la maua linataka uangalifu, na hapa niwe mkweli. Si kila familia itafurahia shada. Miongoni mwa mashujaa wale wamo Waislamu na Wakristo, na wamo waliokufa katika imani za mababu. Kuna Waislamu watakaoona shada la maua ni mambo ya wageni, watakaotaka kaburi lisafishwe, liombewe dua, pengine lichomekwe tawi bichi, basi. Wakatoliki nao wamezoea kupeleka mishumaa Novemba 2. Atakayefika kwenye kaburi aongozwe na alama iliyopo: kama ni kaburi la Muislamu, asafishe na aombe au anyamaze kwa adabu. Wazee wa dini wa Muleba na Mtwara wanaweza kulimaliza hili kwa kikao kimoja chini ya mti.

Na tafadhali, maua ya plastiki yapigwe marufuku pale. Tumeipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 2019, kisha tunawapelekea wafu mashada ya plastiki yanayopauka kwa jua la mwezi mmoja na kuwa takataka ya rangi ya maziwa. Kagera ina maua kwenye kila uzio. Mtoto wa shule anaweza kukata shada zima nyumbani kwao asubuhi bila kutoa hata shilingi. Kwa Naliendele, ambako Julai ardhi imekauka, bora kila kundi lipande mti mmoja wa kivuli na kuumwagilia mwaka mzima. Ni kazi ngumu zaidi, na itatuonyesha mapema nani alikuja kupiga picha.

Naliendele nisiipite haraka, maana ndiyo inayosahaulika. Kaboya ina hadithi inayosimuliwa nchi nzima. Naliendele, Mtwara, wamelala Watanzania waliokufa kwa ajili ya Msumbiji, nchi ya jirani, katika harakati za ukombozi wake. Mtoto wa leo wa Mtwara anaujua mto Ruvuma kwa mamba na kwa biashara ya mpakani. Aambiwe pia kwamba wapo waliouvuka wakiwa na bunduki kwa sababu nchi yao iliamini uhuru wake haujakamilika wakati jirani bado anatawaliwa. Sasa shule zina somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mwalimu atafundisha sura ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika ndani ya darasa lenye joto, ubaoni, wakati kitabu chenyewe kimelala mwendo mfupi kutoka shuleni? Wapelekeni watoto. Kila mmoja apewe jina moja kutoka kwenye kaburi, arudi nalo, aulize wazee, atafute mtu huyo alitoka mkoa gani. Somo hilo halitasahaulika mtihani ukiisha.

Kuna jambo jingine, na hili haliko ndani ya uzio wowote wa jeshi.

Baba yangu mdogo alikwenda vitani akiwa mgambo na akarudi mzima. Aliishi miaka mingi baadaye, akalima kahawa, akalea, akafa kwa maradhi ya uzee, tukamzika kwenye kibanja, shamba la nyumbani, kama desturi yetu. Kaburi lake lina sakafu ya saruji iliyopasuka upande wa miguuni, mgomba umeuinamia msalaba wa chuma uliopakwa rangi ya fedha, na juu yake kuna jina, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Fundi aliandika kwa brashi na mkono wake ulitetemeka kwenye herufi ya mwisho. Hakuna neno hata moja la vita. Nishani yake ilikuwa kwenye kopo la majani ya chai pamoja na risiti za chama cha ushirika. Wajukuu wanapita juu ya ile saruji wakikimbizana, na hilo halinisumbui, mwenyewe alipenda watoto. Kinachonisumbua ni kwamba miaka ishirini ijayo hakuna atakayejua kwamba pale amelala mtu aliyevuka Kagera kwenda kupigana.

Makaburi kama lile yapo katika vijiji vyote nchini. Na si ya wazee wa Kagera tu. Wamo walinda amani. Julai 2013 tulipoteza askari saba Darfur. Desemba 2017 tukapoteza wasiopungua kumi na wanne kwa shambulio moja Mashariki mwa Kongo. Nchi ilisimama, majeneza yakapokelewa kwa heshima, kisha kila familia ikachukua mtu wake, nyingine ikavuka bahari kwenda Zanzibar. Tangu hapo kila kaburi liko peke yake, na mjane ndiye anayeng'oa majani.

Ombi la pili basi ni hili: watendaji wa vijiji na mitaa, wakishirikiana na vyama vya wanajeshi wastaafu, waandike makaburi hayo. Jina, kikosi kama kinajulikana, alipigana wapi, kaburi liko kitongoji gani. Familia ikiridhia, pawekwe kibao kidogo cha chuma au jiwe lenye alama ya jeshi. Kiwe cha aina moja kwa wote, wa cheo na asiye na cheo. Tazameni makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola pale Dar es Salaam, barabara ya Bagamoyo, ambayo yalihamishiwa hapo mwaka 1968 kutoka Ocean Road kupisha ujenzi wa barabara. Mawe yake yanalingana: afisa na askari wa kawaida wana kimo kimoja. Kuna na daftari la majina, mgeni anatafuta jina na kuambiwa mstari. Nataka tuwe na daftari kama hilo Kaboya na Naliendele, na orodha hiyo hiyo iwekwe mtandaoni kwa Kiswahili, ili kijana wa Pemba atafute jina la babu yake kwenye simu usiku wa manane na alipate. Majina ya Kaboya tayari yapo kwenye mnara. Kilichobaki ni kuyatoa nje ya geti.

Tusichelewe kama walivyochelewa wengine. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, inayotunza makaburi hayo ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1917 na yenye sifa duniani kwa bustani zake, ilikiri mwaka 2021 katika ripoti yake yenyewe kwamba waliokufa wapatao 116,000 wa Vita vya Kwanza, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, na sehemu yao ni wapagazi wa Afrika Mashariki, watu waliobeba mizigo ya vita visivyo vyao katika misitu ya Rufiji na Lindi, wakafa kwa malaria, kuhara na njaa, wakafukiwa kando ya njia. Imechukua zaidi ya miaka mia moja mkoloni kusema samahani, na sasa hata akitaka kuweka ua, hajui aliweke wapi. Alipuuza kuandika wakati walioshuhudia walikuwa hai. Mgambo wa 1978 aliyekuwa na miaka ishirini leo anakaribia sabini. Walioshuhudia wetu bado wapo, wanakaa barazani, wanaweza kuonyesha kwa kidole. Hawatakuwepo muda mrefu.

Sijaomba bajeti kubwa, na nimejitahidi makusudi nisiombe, kwa kuwa najua jambo lenye bajeti linavyoweza kukaa kwenye mchakato. Siku moja kwa mwaka, daftari, na ruhusa kwa watendaji kuandika. Kibao cha chuma kinaweza kuchongwa na vijana wa vyuo vya ufundi vya VETA kama kazi ya mazoezi. Vikundi vya usafi vipo, kwaya zipo, skauti wapo, bodaboda wa Muleba wenyewe wanajitolea kwenye misiba kila wiki bila kuitwa na mtu.

Naomba jibu kabla ya mwisho wa Mei, ili tupate muda wa kuandikisha watu na kukaa na wazee wa dini. Likiwa ni ndiyo, tuambieni tu saa ya kufika getini na idadi mnayoweza kuipokea. Mafyekeo na mareki tutakuja nayo wenyewe, na maji ya kunywa pia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwananchi wa Muleba